Fizi zinatoka damu? Jua upige picha ipi
Ndugu zangu wa Arusha, fizi zikitoka damu na jino likianza kucheza, msikimbilie picha ya eksirei ya taya zima. Huonyesha meno yote kwa mara moja, ila hupotosha vipimo, hasa meno ya mbele. Mwombeni daktari picha ndogo ya jino lenyewe, ioneshe mzizi na ukingo wa mfupa unaoshika jino. Kwa mtu mwenye fizi zenye afya, ukingo huo uko kama milimita 1 hadi 2 tu kutoka shingo ya jino, pale sehemu ya juu ya jino inapokutana na mzizi. Hata hivyo, mfupa ulioliwa upande wa shavu au ulimi hujificha nyuma ya jino, kwa hiyo fizi lazima zipimwe kina kwa kile kijiti chenye alama. Sitiskani (CT scan), yaani eksirei inayoonyesha jino kutoka pande zote, ina mionzi zaidi. Iachiwe kesi ngumu, kama mfupa ulioliwa katikati ya mizizi ya gego. Na yale madoa ya kahawia ya maji yetu yenye floridi si ugonjwa wa fizi.