Kabla ya kwenda kupimwa macho ukishapita miaka 40

Ukijikuta unaisogeza simu hadi mkono uishe ndipo ujumbe usomeke, huo ni umri: lenzi iliyo ndani ya jicho imepoteza ulaini wake. Miwani ya kusomea inayopangwa kando ya barabara Ngamiani, hapa Tanga, itakuonyesha maandishi, lakini haipimi kitu. Siku ukiamua kwenda kliniki ya macho, iwe hospitali ya Bombo au kwingine, nenda umejiandaa.

Chukua miwani yako ya zamani, hata kama mkono mmoja umefungwa uzi. Mtaalamu ataisoma namba yake kwa mashine ajue jicho limebadilika kiasi gani. Beba na dawa unazotumia. Halafu uliza nyumbani nani katika ukoo aliwahi kupata presha ya macho. Swali hili watu hulipuuza, nami naona ndilo zito kuliko yote, maana ugonjwa huo hutembea kwenye ukoo na mara nyingi hauumi.

Hapo ndipo unene wa konea, kile kioo cha mbele ya jicho, unapohusika. Wastani ni kama milimita 0.54, na wengi wetu wenye asili ya Afrika tuko chini kidogo ya hapo. Konea ikiwa nyembamba, kipimo cha presha hutoa namba ndogo kuliko hali halisi. Ukiambiwa presha ni nzuri, uliza kama unene nao umepimwa.

Anayesubiri kutolewa mtoto wa jicho atapimwa urefu wa jicho ili ichaguliwe lenzi ya kupandikizwa. Wastani ni milimita 23.5 hivi, wanaume na watu warefu huzidi kidogo. Kosa la milimita 1 ni kama dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5 au zaidi, yaani unarudi kwenye miwani uliyodhani umeachana nayo. Umbo la konea nalo huingia kwenye hesabu hiyo; kwa hiyo mwenye kuvaa lenzi za machoni, zile zinazowekwa juu ya jicho badala ya miwani, aulize mapema azivue lini, kwa sababu hubadili umbo hilo.

Mwenye kisukari asubiri sukari itulie. Ikipanda na kushuka, namba ya miwani nayo huyumba.

Baiskeli iache nyumbani, najua kwa mtu wa Tanga hilo ni gumu. Matone ya kutanua mboni huacha ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo beba kofia na uende na mtu. Na kama jicho liliwahi kukuuma ghafla likawa jekundu, ukaona duara za rangi kwenye taa, sema kabla hujatiwa matone: nafasi ya mbele ya jicho, kati ya konea na lenzi, hupungua kina kadiri lenzi inavyonenepa, na kwa mwenye nafasi finyu matone hayo yanaweza kupandisha presha.