Kabla hujaingia resi yako ya kwanza ya matanga

Kila msimu nakutana nao. Wamejifunza kuendesha mashua ndogo ya tanga, wanajua kubisha, yaani kuupanda upepo kwa kukata kona, wanajua kulegeza demani, ile kamba ya tanga, upepo ukizidi, lakini resi ikianza Jumamosi mchana wao wako ufukweni wanatazama. Ukiwauliza, jibu ni lile lile: nikishakuwa mzuri nitaingia. Jibu hilo huniuma, maana resi ndiyo inayomfanya mtu awe mzuri. Ukiwa peke yako majini huna wa kujipima naye. Unaweza kukaza tanga kupita kiasi mwaka mzima na usijue. Kwenye resi chombo kama chako kinapita hatua chache kutoka ulipo, kwa upepo ule ule na maji yale yale, na unaona kwa macho yako kwamba mwenzako amelegeza demani kidogo tu, chombo chake kikachomoka.

Yapo basi ya kuandaa kabla, ila kasi si mojawapo. Unajiandaa uwe salama, na usiwe hatari kwa wenzako. Hayo mawili yakitimia, ingia.

Tuanze na chombo, kwa kuwa ndicho kinachowatisha wengi. Huhitaji kukimiliki. Mashua za watu wawili haziendi na mtu mmoja, na mwenye mashua asiyepata mwenzake siku hiyo hubaki nchi kavu. Iwe ni Dar es Salaam Yacht Club pale Msasani, Tanga Yacht Club, Mombasa Yacht Club au kule Naivasha bara, njia ya kuingilia ni ile ile: fika mapema, kabla watu hawajaanza kufunga matanga, umuulize anayesimamia resi kama kuna nahodha anayetafuta baharia. Sema wazi kwamba ni mara yako ya kwanza. Uliza pia, kabla hujalowa, kama mgeni asiye mwanachama anaruhusiwa kupanda na anatakiwa kujiandikisha wapi. Kukaa mbele, kuvuta tanga dogo na kuegemeza mwili nje upepo ukikaza ni kazi halisi, na ukiwa pale unamsikia nahodha akiamua kila jambo kwa sauti.

Ukipewa chombo cha mtu mmoja, huenda kikawa Laser, ambayo tangu 2019 mashindanoni huitwa ILCA. Ilichorwa na Bruce Kirby wa Kanada, ikaingia sokoni 1971: urefu mita 4.2, uzito wa kiwiliwili kilo 59 hivi, tanga moja. Zote zinafanana, kwa hiyo anayeshinda ameshinda kwa akili na mikono yake. Ina saizi tatu za tanga: mita za mraba 4.7, 5.76 na 7.06. Mgeni achukue dogo, hata kama ni mtu mzima mwenye nguvu. Tanga kubwa kwenye upepo wa mchana litakuchosha kabla ya boya la pili kati ya yale mnayoyazunguka, na mtu aliyechoka ndiye anayepinduka mara tatu mfululizo.

Kupinduka kwenyewe ukufanyie mazoezi. Siku ya shwari, karibu na ufukwe, ukiwa umevaa jaketi okozi na mtu anakuangalia, pindua chombo kwa makusudi. Kishike, kizunguke, panda juu ya ule ubao unaotokeza chini ya tumbo lake, uegemee nyuma mpaka mlingoti uinuke. Rudia hadi usihangaike. Neno moja usilisahau: usikiache chombo ukaogelea kuelekea pwani. Kichwa cha mtu hakionekani kirahisi kati ya mawimbi. Kiwiliwili cheupe cha mashua huonekana mbali. Na kama hujui kuogelea, jifunze kwanza. Hapo sina la kulegeza.

Sheria ndizo watu wanaogopa kupita yote, kwa sababu kitabu ni kinene. Kinatolewa na World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo huu, na kurekebishwa kila baada ya miaka minne. Kinachotumika sasa ni cha 2025 hadi 2028. Usikisome chote. Kwa resi ya kwanza mambo machache yanatosha, lakini uyajue bila kufikiri. La kwanza: vyombo viwili vinapokutana, kimoja kinapigwa na upepo kutoka kulia kwake na kingine kutoka kushoto, aliyepigwa kushoto ndiye anayepisha. La pili: mkiwa upepo wenu unatoka upande mmoja na mmekaribiana ubavu kwa ubavu, aliye joshini, yaani upande upepo unakotokea, anampisha aliye demani, yaani upande upepo unakoelekea. La tatu: upepo wenu ukitoka upande mmoja, anayetoka nyuma anampisha aliye mbele. Kwenye boya, aliye upande wa ndani hupewa nafasi ya kuzunguka ikiwa walikuwa ubavu kwa ubavu wakati wa kwanza wao alipofika umbali wa urefu wa mashua tatu kutoka boyani. Na hata ukiwa na haki, usimgonge mtu kwa kuitetea. Sheria yenyewe inakutaka uepuke kugongana kila inapowezekana.

Ukikosea, hufukuzwi. Ondoka kwenye njia ya wengine, zungusha chombo duara mbili kamili, endelea. Ukigusa boya, duara moja. Napenda sana utaratibu huu, kwani mtu analipa deni lake pale pale majini, mbele ya aliyemkosea.

Mwanzo wa resi nao una saa yake. Dakika 5 kabla bendera ya onyo hupanda, dakika 4 kabla hupanda ya maandalizi, ikibaki dakika 1 hiyo ya maandalizi hushushwa, kisha ya onyo hushuka na mbio zimeanza. Kila hatua ina honi au mlio, lakini kinachohesabika ni bendera, maana sauti huchelewa na wakati mwingine haitoki kabisa. Vaa saa inayohesabu sekunde. Mstari wa kuanzia hauonekani, ni kati ya boya na boti ya kamati inayosimamia resi, na hakuna chombo chenye breki. Ushauri wangu kwa mgeni ni kukaa nyuma kidogo ya msongamano, kufika mstarini sekunde kumi baada ya wengine, na kutafuta upepo ambao haujachafuliwa na matanga ya walio mbele. Usijaribu kujipenyeza kati ya boti ya kamati na chombo kilicho demani kwako. Pale hakuna anayewajibika kukupa nafasi, na ndipo watu wanapovunjiana mbao.

Halafu upepo na maji. Hapa mtoto wa pwani ana akiba ambayo kitabu hakimpi. Kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka Machi hivi, kusi kutoka Aprili mpaka Septemba, na Juni hadi Agosti kusi huwa na nguvu isiyomfaa anayeanza. Kati ya pepo hizo kuna tangambili, hasa Oktoba na Novemba, upepo ukiwa mpole na wenye kugeukageuka. Mimi ningemwanzisha mtu hapo. Tena asubuhi si mchana. Bahari ikianza kutoa povu jeupe kila upande, upepo umeshapita noti kumi, yaani maili kumi za baharini kwa saa, na siku yako ya kwanza inatosha kuwa chini ya hapo. Ukiona inazidi, kumbuka kwamba kwa sheria uamuzi wa kuingia au kuendelea na resi ni wako mwenyewe. Kamati ikipandisha bendera haikuhakikishii kwamba wewe unaweza.

Maji je? Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa kwenye pwani yetu hufika mita tatu na zaidi. Uliondoka bahari ikiwa mlangoni, unarudi unakuta tope na mawe mpaka mbali. Angalia saa za maji kabla ya kutoka, na tazama boya lililofungwa: likilala upande mmoja na kuchora mkia wa povu, ujue mkondo unakusukuma huko linakolalia.

Mavazi ni mepesi kueleza: shati la mikono mirefu, kofia yenye kamba, viatu vya raba kwa ajili ya matumbawe, glavu kama viganja ni laini, na maji ya kunywa kuliko unavyodhani utahitaji. Simu kaa nayo kwenye mfuko usiopenya maji, au iache.

Jiandikishe kabla ya kutoka, na ukirudi jiandikishe tena. Ukiamua kuacha resi katikati, ifikie boti ya kamati au ya uokoaji uwaambie. Nimewahi kuona watu wakizunguka baharini karibu na magharibi wakimtafuta kijana aliyekuwa nyumbani anakula. Tangu siku hiyo jambo hili ndilo ninalolisema kwanza kwa kila mgeni, kabla hata ya joshi na demani.

Wapo wanaoniambia klabu hizi si za watu wetu. Naelewa hisia hiyo. Mageti yake yalijengwa zamani kwa ajili ya wachache, na bado kuna mahali mtu hutazamwa mara mbili. Ila kushindana kwa tanga hatukuletewa. Lamu wanashindanisha majahazi na mitumbwi, Unguja ngalawa, na mabaharia wale hujua upepo kabla haujafika. Ningetamani kuwaona wao na watoto wao, wa kike na wa kiume, kwenye mstari ule ule wa kuanzia, na klabu nazo ziwafuate huko waliko badala ya kungoja wabishe hodi.

La mwisho unaloandaa ni muda wa baadaye. Usiondoke matanga yakishushwa. Mimi resi yangu ya kwanza nilipanda kama baharia na tulimaliza karibu na mkia. Tulipokuwa tunaosha chombo kwa maji baridi, mzee aliyeshinda siku hiyo alikuja, akachuchumaa, akachora maboya matatu mchangani kwa kidole. Akaniuliza, "Mwanangu, mlipotoka boya la kwanza, upepo ulikuwa unakupiga shavu lipi?" Sikujua. Akafuta mchoro, akasema atauliza tena Jumamosi.