Kipi kilitangulia? Jinsi ya kusoma ukuta wa korongo

Kila mwaka, masika yakishapita na tope kukauka, nawapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kwenye korongo lililo nyuma ya shamba la mama, juu kidogo ya Ngaramtoni, karibu na Arusha. Ukuta wake una kimo cha kama mita nne. Tunabeba kamba yenye mafundo kila nusu mita, kisu cha jikoni kilichochakaa, chupa ya maji, daftari na penseli. Kwa vitu hivyo tu unaweza kupanga matabaka kwa mfuatano wake, hata kama hujui umri wa hata moja kwa miaka.

Anza kwa kusafisha. Mvua ikinyesha, tope la juu hutiririka na kuupaka ukuta mzima rangi moja. Kwangua kwa kisu ukanda wenye upana wa beleshi, kutoka juu hadi chini, kisha nyunyizia maji. Rangi zitajitokeza hapo hapo. Usikwangue ukuta ulioliwa na maji kwa chini, ule unaoning'inia. Tafuta sehemu iliyolala kidogo. Halafu chora. Chora kabla ya kutaja jina la kitu chochote, maana mwanafunzi akishasema "hii ni lava" haangalii tena.

Kwetu, kutoka chini, kuna udongo mwekundu wa zamani, juu yake lava ngumu ya kijivu, yaani mwamba uliomwagika ukiwa umeyeyuka kisha ukaganda, kisha tope la volkano lililoganda likiwa na mawe makubwa na madogo yaliyochanganyika, kisha vijiwe vyepesi vya volkano, vile vinavyoelea ukivitia kwenye ndoo, na juu kabisa udongo mweusi wa shamba.

Kanuni ya kwanza iliandikwa mwaka 1669 na Nicolas Steno, Mdenmaki aliyekuwa akifanya kazi Italia: tabaka la chini lilitua kabla ya lile lililo juu yake, kwa sababu la juu lisingepata pa kulalia. Watoto wanaielewa mara moja. Kosa linakuja pale "chini ya" inapogeuka kuwa "chini". Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwamba changarawe iliyo sakafuni mwa korongo ndiyo ya kale kuliko vyote, kwa kuwa iko chini kuliko vyote. Binti mmoja akachomoa kipande cha mfuko wa rambo kutoka ndani yake. "Madam, hii ni ya juzi." Alikuwa sahihi. Changarawe ile imelala mahali ambapo ukuta ulishaliwa na maji. Hakuna tabaka linaloikandamiza kwa juu. Kwa hiyo usiulize kitu kiko kimo gani. Uliza kimelala juu ya nini, na kimefunikwa na nini.

Rambo lile linatufundisha na jambo la pili. Kitu kilichomo ndani ya tabaka kilikuwepo kabla tabaka halijatua. Tope letu la volkano lina mabonge ya lava ya kijivu, ile ile iliyo chini yake. Basi lava ilikuwa imeshaganda na kuvunjika tope lilipoifikia.

Kwenye lava tumia macho zaidi. Inapomwagika juu ya udongo huuoka, kama tofali kwenye tanuru. Kwetu udongo mwekundu ulio chini ya lava umekuwa mgumu wenye rangi ya tofali kwa unene wa kiganja, na ukishuka zaidi unalainika. Angalia pia upande wa juu wa lava. Udongo wa juu nao ukiwa umeokwa, basi lava hiyo haikumwagika juu ya ardhi. Ilijipenyeza katikati ya matabaka yaliyokuwepo tayari, na ni changa kuliko yote mawili. Ukiruka ukaguzi huu utakosea mpangilio mzima.

Kanuni inayobeba kazi kubwa ni hii: kinachokata ni kichanga kuliko kinachokatwa. Mfereji wa maji, ufa, lava iliyopenya ikiwa wima, shimo la mtu, vyote ni sawa. Siku moja tulikuta ndala ya plastiki ndani ya vile vijiwe vyepesi, usawa wa kifua. Darasa likagawanyika. Mzee mmoja anayechimba mashimo ya vyoo pale kijijini alikuwa akipita na sururu yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mmepoteza nini humo?"

Nikamwonyesha. Alibonyeza kwa kidole kuizunguka ndala, akahama shubiri mbili pembeni, akabonyeza tena. "Hapa palishachimbwa," akasema. "Huku kidole kinazama, kule kinagoma. Na huu mweusi umeshukaje hadi hapa?" Tulipokwangua vizuri, umbo la shimo la taka likaonekana wazi, limeanzia kwenye udongo wa shamba na kujazwa mchanganyiko.

Ndiyo maana nawasimulia wanafunzi habari za Hans Reck. Mwaka 1913 mwanajiolojia huyo Mjerumani alikuta mifupa ya mtu kwenye tabaka la pili la Bonde la Oldupai, akaamini mtu huyo ni wa kale sawa na tabaka lenyewe. Ubishi ulidumu miaka mingi, hadi ilipobainika kwamba lilikuwa kaburi lililochimbwa baadaye sana kuingia kwenye tabaka hilo. Reck alikuwa mtaalamu hasa. Kwa hiyo kila unapokuta kitu, kagua kingo zake kwanza.

Macho yakishazoea, inua kichwa. Ndani ya kreta ya Mlima Meru, lile shimo kubwa la volkano, kimesimama kilima cha majivu. Lazima upande wa mashariki wa mlima uliporomoka kwanza ndipo kilima kikapata nafasi. Ukiwa Moshi asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro nayo, yenye volkano tatu, Shira, Kibo na Mawenzi, inasomeka: lava za Kibo zimefunika kingo za Shira upande mmoja na kufika miguuni pa Mawenzi upande wa pili, hivyo Kibo ndiyo changa. Je, kati ya Shira na Mawenzi? Kibo imekaa katikati, kwa macho huwezi kusema. Vipimo vya maabara kwenye miamba ndivyo vilivyotoa jibu: Shira ilianza yapata miaka milioni 2.5 iliyopita, Mawenzi yapata milioni 1.

Kwenye daftari, basi, andika mfuatano kuanzia chini kwenda juu, na vitu viwili visivyogusana viweke mstari mmoja na alama ya kuuliza. Usikisie. Kwetu alama hiyo ilikaa miaka miwili. Kulikuwa na ufa ulioshusha lava, tope na vijiwe kwa shubiri moja, na hatua chache pembeni mfereji wa kale uliojaa changarawe, uliokata vijiwe hadi kwenye tope. Ufa na mfereji havikugusana popote.

Masika ya mwaka uliofuata ukuta ulirudi nyuma karibu mita moja. Tulipokwangua, ufa ulikuwa umesogea hadi chini ya mfereji. Unapanda ndani ya tope, unafika kwenye changarawe, na hapo unakoma. Kitako cha mfereji kimepita juu yake kikiwa sawasawa, bila kushuka hata upana wa kidole. Tulifuta alama ya kuuliza tukaandika ufa chini, mfereji juu.