Sanduku la Kupapasa: Zana ya Kufundishia Watoto Msamiati wa Kiingereza

Miongoni mwa zana zote nilizowahi kutengeneza kwa ajili ya watoto wa miaka mitano hadi minane, hakuna iliyonifaa kuliko sanduku la kupapasa, kwa sababu humfanya mtoto atafute neno kwa vidole kabla ya kulitamka, ilhali kadi ya picha mara nyingi huishia kutazamwa tu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua maneno, na sita yanatosha kwa kipindi kimoja. Usichague matunda sita au wanyama sita, kwa kuwa maneno mapya yenye maana zinazokaribiana huchanganyana kichwani yakifundishwa kwa mkupuo. Ni afadhali kuchukua vitu visivyofanana hata kwa umbo: ufunguo, kijiko, jiwe, jani, mpira na kikombe. Zingatia pia matamshi. Kwa sikio lililozoea Kiswahili, "cup" na "cap" ni kama neno moja, na mtoto akiongeza irabu mwishoni kama alivyozoea, kikombe hugeuka kuwa kapu. Maneno mawili ya aina hiyo yasianze siku moja.

Hatua ya pili ni kutengeneza sanduku lenyewe. Chukua boksi la viatu, ukate tundu lenye upana wa sentimita 12 hivi upande mmoja, kisha ubandike kwa ndani kipande cha mkono wa shati kuukuu ili mtoto apenyeze mkono bila kuchungulia. Upande unaotazamana na tundu uondoe kabisa. Jambo hili dogo ndilo lililobadilisha somo langu, maana darasa zima huona kitu ambacho mwenzao anakipapasa, na hivyo wote wanakuwa na kazi.

Tumia vitu halisi kila inapowezekana. Visivyoingia sandukuni, kama nyumba au ng'ombe, vifinyange kwa udongo na uviache vikauke vizuri, kwani kadibodi iliyokatwa bapa haimwambii mkono chochote. Kitu chochote kinachoweza kupenya ndani ya bomba la karatasi ya chooni ni kidogo mno kwa watoto wadogo, kwa hiyo kiache.

Hatua ya tatu ni kusikiliza. Panga vitu mezani na utoe amri fupi kama "Touch the key" au "Give me the spoon", nao watoto watii bila kulazimika kusema lolote. Mwanasaikolojia wa Marekani James Asher aliieneza njia hii ya kujibu kwa vitendo tangu miaka ya 1960. Zamani mimi nilianza na kuitikia kwa pamoja, na nilidanganywa na kelele: darasa lilinguruma, lakini nilipomwuliza mtoto mmoja mmoja, wengi walikuwa hawajui walichokuwa wakikiimba.

Sasa leta sanduku. Weka kitu kimoja, mtoto apapase na kuuliza "Is it a stone?", na wenzake wajibu "Yes" au "No". Akikwama, mpe maneno mawili achague, wala usimtajie jibu moja kwa moja.

Maneno yakishazoeleka, kwa kawaida baada ya wiki moja hivi, rudia yale mawili yanayogongana. Weka kofia na kikombe mezani, ujifiche mdomo kwa karatasi, utamke neno moja, na mtoto ainue kitu alichokisikia. Kisha mbadilishane: yeye atamke, wewe uinue kile hasa ulichokisikia, si kile unachodhani alikusudia. Akitaka kofia akaona umeinua kikombe, atalirekebisha tamko lake mwenyewe pasipo kukaripiwa.

Maandishi yaje mwisho, kwa kufunga kijikaratasi chenye jina kwenye kila kitu. Katika kila kipindi kipya, changanya vitu viwili vya zamani na vinne vipya, na neno litakalosahauliwa na wengi lirudishwe mezani, kwenye amri za hatua ya tatu.