Jinsi ya kuchora kibonzo cha baiskeli kando ya ziwa mpaka mtu asikie upepo

Habari zenu wapenzi wa kuchora. Mi niko Mwanza na kitu nachopenda kuchora kuliko vyote ni mtu na baiskeli yake barabarani, ziwa upande huu, mawe upande ule. Nimeona vibonzo vingi vya baiskeli ambavyo fremu imekaa sawa, spoku zote zipo, mwendeshaji kacheka mpaka jino la mwisho linaonekana, ila ukimwangalia vizuri unaona kabisa huyu mtu haendi popote, amepaki. Raha ya baiskeli haikai usoni jamani. Inakaa kwenye vitu vinavyoguswa na ule mwendo, yaani shati, viwiko, kuku aliyeruka pembeni, vumbi, kivuli. Ukivipata hivyo hata mtu ukimchora kwa nyuma tu, uso hauonekani, anayeangalia atajua huyo ana raha.

Sasa kabla hujashika penseli panda baiskeli kwanza. Sio lazima iwe yako, azima ya jirani au kodi ya saa moja. Mi njia yangu ni kutoka Kirumba nashika barabara ya Makongoro, Pasiansi, Ilemela, napita airport naendelea mpaka Igombe, na natoka mapema saa 12 asubuhi magari hayajawa mengi. Usibebe daftari na simu iache mfukoni, maana ukishaanza kupiga picha unaangalia kwa macho tu na mwili unaacha kufanya kazi yake. Ukifika kaa chini, agiza chai, halafu andika vitu vitatu ambavyo mwili umevisikia. Sio ulivyoviona, ulivyovisikia mwilini. Mara ya mwisho mi niliandika hivi: ubaridi kwenye vidole, harufu ya dagaa walioanikwa, na pale unapoacha kupiga pedeli kwenye mteremko miguu inatulia halafu friwili ya tairi la nyuma inaanza kulia tikitikitiki. Hivyo vitatu ndo kibonzo chako, vingine vyote utakavyochora vinakuja kuvisaidia hivyo.

Nitoe mfano mmoja niliouona kwa karibu. Jumamosi moja jioni nilikuwa nimekaa Igombe karibu na wamama wanaogeuza dagaa, akapita dogo wa kama miaka tisa kumi hivi na baiskeli ya mtu mzima, Phoenix nyeusi yenye keria kubwa, siti yenyewe inamfika kifuani. Hakai kwenye siti, hafiki. Amepitisha mguu wa kulia katikati ya fremu chini ya lile bomba la juu, mkono wa kushoto uko kwenye usukani, wa kulia ameikumbatia siti kwa kwapa, kiuno kimepinda kama mtu anayechungulia chini ya kitanda, na baiskeli nayo imelalia upande wa pili ili wasianguke wote. Pedeli hazungushi duara zima, anazipiga nusunusu, chini juu chini juu, na kila akipiga tairi la mbele linayumba kidogo halafu linarudi. Uso sikuuona, alinipita akiangalia mbele. Nilichobaki nacho ni mgongo, shati limetuna kama tanga, na ndala moja imeshikiliwa na kidole gumba tu. Waliokulia huku wengi wamejifunza baiskeli hivyohivyo, kwa hiyo ukiichora hiyo picha huna haja ya kueleza kitu, mtu anasikia kwenye kiuno chake mwenyewe.

Nilipofika nyumbani nikachora mistari miwili tu kwanza. Mmoja wa mgongo wa dogo, mmoja wa fremu. Ukiangalia kwa nyuma mistari hiyo inafungua kama herufi V, yeye kalala huku baiskeli imelala kule, na hiyo V ndo iliyobeba kibonzo chote. Kwa hiyo na wewe anza na mistari ya kulala namna hiyo, usianze na kichwa. Mwenye kupanda kilima mgongo wake ni upinde umeinamia usukani na makalio yametoka kwenye siti. Mwenye kuteremka kifua kinafunguka, viwiko vinaenda nje, magoti yanatulia. Mtu aliyebebwa kwenye keria anakaa wima na mikono imeshika shati la aliye mbele. Chora huo mstari mara ishirini kwenye karatasi ya kutupa, haraka haraka, mpaka mkono uache kuogopa.

Halafu ndo ujenge baiskeli, na hapa naomba uwe makini maana mitaa yetu imejaa watu wanaoijua baiskeli kuliko wanavyojua kitu kingine chochote. Hata wakubwa walikamatwa hapa. Mwaka 1896 mchoraji maarufu wa Ufaransa, Toulouse-Lautrec, alipewa kazi ya kuchora bango la kutangaza cheni ya baiskeli, akachora, aliyempa kazi akalikataa kwa sababu ile sehemu ya pedeli na cheni ilikuwa imekosewa, ikabidi achore lingine. Sasa kama ni hivyo kwake, fundi baiskeli wa pale mtaani kwenu ataacha kukuona?

Chora duara mbili zilizo sawa, kizibo cha soda au sarafu ya mia mbili inatosha. Nafasi kati ya tairi na tairi iwe kama nusu ya duara moja na kidogo, wengi wanayaweka mbali sana inakuwa kama bajaji au wanayabana. Fremu ni pembetatu mbili zilizoegemeana, ya mbele kubwa ya nyuma ndogo, na baiskeli za zamani lile bomba la juu limelala sawa kabisa na ardhi. Uma wa mbele, ule unaoshika tairi, usiuchore umenyooka kama rula, mwishoni unapinda kidogo kwenda mbele. Cheni iko upande wa kulia wa mwendeshaji siku zote, kwa hiyo kama mtu wako anaenda kulia kwa karatasi cheni tutaiona, kama anaenda kushoto imejificha nyuma. Pedeli moja ikiwa juu nyingine iko chini, na mguu wa chini unakaribia kunyooka. Ukishayapata haya mengine yarahisishe tu, ni kibonzo sio kitabu cha gereji.

Spoku usizichore zote. Baiskeli ikiwa inakimbia spoku hazionekani, kwa hiyo weka vipande vitatu vinne vya mistari iliyopinda ndani ya tairi basi. Na kitu ambacho kimenisaidia kuliko vyote ni hiki: nyanyua tairi kutoka ardhini. Kidogo tu, upana wa ncha ya penseli, halafu chini yake weka kivuli. Huo mwanya mdogo mweupe kati ya tairi na kivuli ndo unaomfanya mtu aone kama baiskeli inapaa. Ukiufuta tairi likagusa chini, kibonzo kinakuwa kizito hapohapo. Jaribu vyote viwili kwenye karatasi moja uone mwenyewe.

Upepo sasa. Hapa kwetu upepo una ratiba na ukiijua kibonzo chako kinakuwa cha Mwanza kweli, sio cha popote. Mchana ardhi inapata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo unatoka ziwani unakuja nchi kavu, usiku mpaka alfajiri unageuka unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa hiyo kama umechora alasiri, moshi wa wakaanga samaki, kanga kwenye kamba na majani ya migomba vyote vilale kuelekea huku juu mjini, na tanga la mtumbwi lijaze upepo huohuo. Ila shati la mwendeshaji lenyewe linatii mwendo wake, linarudi nyuma anakotoka. Ukivichora hivi viwili kwa pamoja, upepo wa ziwa na upepo wa mwendo, picha inaanza kuhema. Ile mistari ya mwendo ya nyuma ya tairi usiijaze, mitatu inatosha. Mwaka 1913 Muitaliano Umberto Boccioni alimchora mwendesha baiskeli kwa namna ambayo mtu, baiskeli na hewa vimeingiliana huwezi kusema hiki kinaishia hapa, na mi naona alipatia, kwenye mwendo mkali ndivyo unavyojisikia, ila kwenye kibonzo tunaazima kidogo tu, mfano shati liishie na mstari ambao haujafungwa.

Mazingira yasiwe pazia la nyuma. Mwingereza mmoja Frank Patterson, aliyeishi 1871 mpaka 1952, alichora kwa kalamu ya wino picha nyingi sana za watu wa baiskeli vijijini kwao kwa ajili ya magazeti ya waendesha baiskeli, na nyingi mwendeshaji ni mdogo, miti na barabara ndo vikubwa. Hilo fundisho lichukue. Sisi tuna mawe! Mawe ya Mwanza ni ya mviringo na yamepandana, dogo limebeba kubwa, mpaka unajiuliza limekaaje pale. Chora jiwe kubwa kuliko unavyodhani linafaa, mpe mtu wako nafasi ndogo chini yake, na utaona baiskeli inakuwa nyepesi kwa sababu tu jiwe ni zito. Jiwe la Bismarck, lile maarufu la ziwani, lichore ukitaka ila limeshachorwa sana, mi nakushauri uchukue mawe ya kwenu, yale ya njiani kupanda Bwiru ambayo watoto wanateleza juu yake.

Na juu ya jiwe weka shahidi. Masoud Kipanya ametuzoesha kale kapanya kanakokaa kwenye vibonzo vyake, na shahidi mdogo wa namna hiyo anasaidia sana, jicho la msomaji linaenda kwake halafu linarudi kwenye baiskeli kuangalia kilichomshtua. Kwetu shahidi yupo tayari. Yule mjusi wa kwenye mawe, dume lake kichwa mpaka mabegani ni jekundu la kupauka kama pinki na mwili uliobaki ni wa buluu, jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, limebeba jina la mji wetu huu. Mchore kainua kichwa, mkia umening'inia, anaigeukia baiskeli inayopita. Pimbi naye anafaa, au yangeyange anayeruka kutoka majini miguu bado inaning'inia. Mmoja tu lakini. Ukiweka wote inakuwa mbuga ya wanyama na dogo wako wa baiskeli anapotea.

Rangi sitaongea sana. Penseli, kalamu nyeusi na rangi mbili tatu zinatosha, usisubiri uwe na boksi zima. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alichora kwenye hadibodi za ujenzi kwa rangi za kupaka baiskeli, ndo zilizokuwepo na za bei anayoimudu, na leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake dunia nzima. Mi huwa nafurahi sana kulikumbuka hilo nikiwa nachora baiskeli. Kwa picha ya jioni weka njano ya machungwa chini karibu na maji na uache juu karatasi nyeupe, huku jua linazama kama saa moja kasoro hivi na vivuli vinakuwa virefu sana, kivuli cha baiskeli kinaweza kuvuka barabara nzima, kitumie hicho. Saa sita saba mchana jua liko juu ya kichwa, kivuli kinajikunja chini ya tairi, na mtu wako mpe kofia na jasho.

Maneno yawe machache. Kengele "kring kring", friwili "tikitikitiki" kwa herufi ndogo zinazofuata tairi la nyuma, upepo "fyuuu" uliopinda. Kama kuna wa kuongea basi aongee kama watu wanavyoongea njiani. Mtu akipita na baiskeli anasalimia kwa Kisukuma bila kusimama, "Mwadila!", na anayejibu ameshaachwa nyuma, kwa hiyo kipovu cha salamu kichore kimeinama na mkia wake umevutika kwenda nyuma. Mtoto akimpita mzee, "Shikamoo babu", na "marahaba" ya babu iko nje kabisa ya fremu, pembeni, herufi zinapungua ukubwa. Hiyo peke yake imeonyesha spidi kuliko mistari kumi ya mwendo.

Ukimaliza piga picha karibu na dirisha asubuhi, bila flashi, karatasi iwe imelala na simu iwe sawasawa juu yake, la sivyo yale maduara yako mazuri yatatoka mayai. Ila kabla hujaituma popote ipeleke kwa fundi baiskeli. Mi ile ya dogo wa Igombe niliipeleka kwa fundi wangu, mzee wa siku nyingi, akafuta mikono yenye grisi kwenye suruali, akaishika kwa ncha za vidole akaiangalia muda mrefu. Nikajua anakagua cheni. Akasema, "Mwanangu, huyu mkono wa kwenye siti ungeubana zaidi, akilegeza hapo anaanguka." Halafu akauinua mkono wake wa kulia akaukunja kwapani, akabaki hivyo kidogo kama ameikumbatia siti. Nikafuta mkono pale pale kwenye benchi lake nikauchora upya.