Ankara imefika? Nionyeshe stakabadhi

Kazi yangu ni kuunganisha mifumo ya wauzaji na wanunuzi, ili oda iliyoandikwa upande mmoja isomwe upande wa pili bila mtu kuichapa upya. Wengi huanza kwa kuniuliza kuhusu usimbaji fiche. Mimi huwauliza: mnunuzi akikana kwamba ankara ilimfikia, utamwonyesha nini?

Baruapepe ya kawaida haina jibu, na namba ya akaunti iliyomo kwenye ankara ndiyo wanayoiwinda matapeli. FTP, njia ya zamani ya kuhamisha faili, hupitisha hata nenosiri waziwazi. Ziacheni zote mbili.

Mshirika mdogo asiye na fundi wake mpe SFTP, njia ya kuhamisha faili kwa usimbaji fiche, inayopita poti 22 (mlango wa mawasiliano kwenye seva). Tumia jozi ya funguo (mmoja wa siri, mwingine wa umma unaoweza kumpa yeyote) badala ya nenosiri, na kila mshirika awe na akaunti na folda yake, asichungulie ya mwenzake. Ila SFTP inakuhakikishia tu kwamba faili imewekwa kwenye seva. Kama kuna mtu aliyeichukua, haisemi. Kwa hiyo dai ujumbe wa kukiri upokezi: CONTRL kwa wanaotumia EDIFACT, 997 kwa wanaotumia X12 (hivyo viwili ni viwango vya kuandika oda na ankara ili mifumo izisome).

Oda zikiwa nyingi, mimi huchagua AS2, kanuni ya kutumiana faili za biashara kwa intaneti pamoja na stakabadhi. Ilichapishwa kama RFC 4130 (hati ya viwango vya intaneti) mwaka 2005, lakini Walmart ilishaanza kuidai kwa wauzaji wake tangu 2002. Faili hutiwa saini kwa ufunguo wako wa siri, hufungwa kwa ufunguo wa umma wa mpokeaji, kisha hupita kwenye HTTPS, njia salama ileile ya tovuti. Mpokeaji akishaifungua, mfumo wake hurudisha stakabadhi iitwayo MDN. Ndani yake mna MIC, yaani muhtasari uliokokotolewa kutokana na kile alichokipokea. Ukilingana na wako, hakuna herufi iliyoguswa njiani. Dai MDN yenye saini. Isiyo na saini yeyote anaweza kuitunga. Ihifadhi pamoja na faili uliyotuma, kwa muda uleule ambao sheria inakutaka utunze ankara. Hata hivyo, MDN haisemi kwamba oda imeeleweka, kwa hiyo 997 au CONTRL bado zinahitajika.

(Mshirika akiwa mtengenezaji wa magari wa Ulaya, huenda akataka OFTP2, nao Peppol, mtandao wa kutumiana ankara za kielektroniki, hutumia AS4; zote mbili ni njia nyingine za kutumiana faili. Hapo huchagui, unafuata.)

Wakati wa kuunganisha, cheti chenye ufunguo wa umma kinaweza kutumwa hata kwa baruapepe, maana si siri. Kinachotakiwa ni kujua ni cha nani. Mpigie mshirika kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyokuja na cheti, msomeane alama ya utambulisho ya cheti hicho (mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye cheti chenyewe). Kubalianeni kutumia SHA-256 (kwa muhtasari na saini) na AES (kwa usimbaji fiche), kwa sababu programu nyingi za zamani bado zimewekwa SHA-1 na 3DES, ambazo ni dhaifu. TLS, usimbaji unaolinda HTTPS, isiwe chini ya toleo la 1.2. Andikeni vitambulisho vya AS2, yaani majina ya mtumaji na mpokeaji, kwa uangalifu: herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja.

Jaribio la faili nzuri halitoshi. Tuma nyingine iliyotiwa saini kwa cheti asichokijua mwenzako. Akiipokea bila kulalamika, msianze.

Vyeti vitaisha muda siku moja, na mara nyingi itakuwa wakati wa msimu wa oda. Mpe mshirika cheti kipya wiki kadhaa mapema, mfumo wake ukubali vyote viwili kwa muda, ndipo uanze kutumia kipya.

Usidhani kila MDN ni ya heri. Nyingine huja na “decryption-failed”, yaani faili imeshindwa kufunguliwa, na programu isiposetiwa kupiga kelele, hakuna atakayeiona. MDN isipofika kabisa, tuma tena faili ileile kwa Message-ID (namba ya utambulisho ya ujumbe) ileile, ili mfumo wa mpokeaji uitambue kuwa ni marudio. Ukibadilisha namba hiyo, mnunuzi anaweza kuletewa mzigo mara mbili.