Somo: Kupiga picha injini yako ya modeli kwa simu mpaka ionekane ya kweli

Jamani, tangu niweke humu ile picha ya Garratt yangu (injini ndefu ya mvuke, boila katikati, seti moja ya magurudumu mbele na nyingine nyuma) nimeulizwa "umetumia kamera gani?" mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo naandika yote mahali pamoja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kamera ni simu ya kawaida, kioo chake kimepasuka pembeni. Injini ni ya daraja la 59 (yaani aina ya 59) la East African Railways, kipimo cha 1:87, maana yake ndogo mara 87 kuliko ya kweli, nimeiunda mwenyewe kwa mabati ya shaba. Zile halisi zilitengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock, zikaletwa mwaka 1955 na 1956, jumla 34, kila moja ikapewa jina la mlima. Tani 252, urefu zaidi ya mita 31. Mezani kwangu urefu huo umekuwa sentimeta 36, na karibu shida zote za picha zinatokana na urefu huo.

1. Mwanga. Weka meza karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, kisha zima taa zote za ndani. Mwanga wa taa ukichanganyika na wa dirisha, ile rangi ya damu ya mzee hutoka kahawia upande mmoja na zambarau upande wa pili. Upande wenye kivuli simamisha karatasi nyeupe.

2. Futa lenzi ya simu. Kitambaa cha pamba kinatosha.

3. Vumbi. Hapa naomba msome polepole. Vumbi ambalo jicho halilioni, simu inalikuza: chembe moja juu ya boila inaonekana kama jiwe. Mara ya kwanza nilipotaka kupiga picha nilichukua kijiti cha pamba, nikakichovya kwenye spiriti, nikafuta ubavu wa kebini. Mfuto wa kwanza ulisafisha vizuri sana. Wa pili ukang'oa nambari. Zile herufi za kubandika kwa maji zilijikunja kama ganda la kitunguu, na sufuri ikabaki imenata kwenye kijiti. Kisha nikaona pamba imekuwa nyekundu: rangi nayo ilikuwa inayeyuka. Nilirudia ubavu mzima, kuanzia rangi ya msingi, wiki tatu.

Kwa hiyo: usitumie spiriti, petroli wala dawa ya kusafishia vioo. Tumia brashi laini ya vipodozi, mpya, ambayo haijagusa poda. Anzia juu ya boila ushuke kwenye magurudumu. Usipulize kwa mdomo, mate yanaacha madoa. Kwenye vyuma vinavyounganisha magurudumu pitisha brashi kwa kufuata urefu wake. Ukienda kinyume unavipinda. Na ushike injini kwa tangi la mbele na la nyuma, usiishike kwa boila, maana kwenye Garratt boila limelala kwenye fremu ya katikati, na fremu hiyo imeshikwa na vipande viwili vya magurudumu kwa pini tu.

4. Kimo. Kama utafuata hatua moja tu, fuata hii. Mtu wa mita 1.7 kwenye kipimo chetu hafiki sentimeta 2. Huyo ndiye anayepaswa kuitazama injini yako. Karibu picha zote zinazowekwa humu zimepigwa na mtu aliyesimama wima, simu iko kifuani, na injini inaonekana kama kitu kilichosahauliwa sakafuni. Geuza simu juu chini ili lenzi iwe upande wa meza, iegemeze kwenye kitabu, kisha piga. Mimi nilikulia Voi, nyumba za reli. Nikiwa mtoto nilisimama kando ya njia, magurudumu yakiwa marefu karibu kama mimi, na tumbo la boila limeziba mbingu. Nikishusha simu mpaka mezani, naiona tena injini ile.

5. Rudi nyuma, kisha kuza mara mbili. Ukiisogelea mno, pua inavimba na kebini inakimbia.

6. Fokasi. Sentimeta 36 haziwezi kuwa kali zote kwa pigo moja. Funga simu kwenye stendi, gusa kioo kwenye pua, piga. Gusa dohani, piga. Boila, kebini, tangi la nyuma. Picha tano au sita, na injini isisogee hata unywele. Kisha ziunganishe kwa programu ya kompyuta. Mimi natumia Helicon Focus.

7. Nyuma. Kadibodi ya samawati iliyofifia, hatua moja nyuma ya injini. Ondoa vikombe.

Maswali karibuni.

Mgeni wa Reli: Mkuu picha kali. Simu gani hiyo?

Jibu: Aya ya pili. Aina ya simu haitakusaidia kama hujaishusha. Fanya hatua ya 4 kwa simu uliyonayo.

Behewa la Tatu: Zangu zinatoka na ukungu, nifanyeje?

Jibu: Weka picha. Bila picha nitakuwa nabahatisha.

Behewa la Tatu: Nimeiweka.

Jibu: Huo si ukungu, simu imetikisika kidole kilipogusa kitufe. Washa kipima muda, sekunde 3.

Fundi Makupa: Spiriti natumia miaka yote haijaning'olea kitu. Unatisha watu bure.

Jibu: Injini zako ni za kiwandani, za plastiki, nambari zimechapwa. Yangu nimeibandika na kuipaka kwa mkono. Anayesoma hapa huenda hajui yake ni ya aina gani, na akikosea harudishi. Onyo linabaki.

Dada wa Tabora: Shikamoo kaka. Nimefuata yote, na picha ya ubavuni imependeza sana, asante. Lakini nikipiga kwa mbele, Garratt yangu inaonekana imepanua miguu. Reli ni za kawaida za 1:87. Kosa ni langu?

Jibu: Marahaba dada, umeona jambo ambalo wengi hawalioni. Kosa si la picha. Reli hizo za modeli zina upana wa milimita 16.5; zidisha kwa 87 unapata 1435, yaani upana wa SGR. Garratt zetu zilipita reli ya mita moja. Gawanya 1000 kwa 87: milimita 11.5. Unahitaji reli za milimita 12, na magurudumu ya kuzifuata. Reli hizo zinamfaa pia mwenye treni ya TAZARA, maana 1067 kwa 87 ni 12.3. Kwa sasa piga za ubavuni tu, simu chini kabisa, na upande wa mbele weka majani yafunike reli ya pili. Ukiamua kubadilisha magurudumu niandikie, nitakuchorea ekseli.

Dada wa Tabora: Nitaandika. Na makaa kwenye tangi la nyuma nimeyapanga vizuri?

Jibu: Yatoe dada. Daraja la 59 lilichoma mafuta mazito. Funika tangi kwa bati, weka kifuniko cha kujazia.

Mgeni wa Reli: Nimeshusha simu. Kumbe! Sasa nataka kuunda yangu. Nianzie wapi?

Jibu: Vizuri sana. Nenda makumbusho ya reli Nairobi, zipo mbili: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Beba futi ya fundi, iweke kwenye kila picha ya kipimo. Piga ubavu mzima kwa vipande, ukienda sambamba na injini, usisimame mahali pamoja ukageuza simu. Na amua kwanza unaunda ya mwaka gani, kwa sababu baadaye zilifungwa dohani bapa ya mtindo wa Giesl. Ukiweka dohani hiyo kwenye treni ya 1956, mzee yeyote wa reli atakuuliza.

Fundi Makupa: Moshi unautengeneza kwa pamba?

Jibu: Siweki moshi. Moto wa mafuta ukichomwa sawasawa hautoi wingu jeusi, unaona hewa ikitetemeka tu juu ya dohani. Ukitaka mvuke, pamba kidogo sana kwenye silinda za mbele, ivute mpaka uone kidole chako kupitia humo.

Fundi Makupa: Hiyo nitaijaribu leo.